Kamba ya Jasi Ukutani

Siku niliyofika kwenye ile nyumba ya Sidab, huko Omani, nilijigonga kichwa kabla sijamsalimia mtu. Mlango wake ni mkubwa, wa mbao nzito zilizochongwa maua pembeni, lakini haufunguliwi wote ila kwa harusi au msiba. Unaotumika kila siku ni mlango mdogo uliokatwa ndani ya ule mkubwa, na ukitaka kupita lazima uiname. Mimi ni mrefu, na siku hiyo nilikuwa nimenuna. Dar niliambiwa nakwenda kufanya kazi kwa watu wenye uwezo, nikajijengea picha ya ghorofa la vioo, na sasa nashushwa kwenye gari mbele ya jengo kuukuu lililobanwa kati ya majabali na bahari, kuta rangi ya mchanga, halina hata geti. Nikaingia na hasira zangu, paji la uso likakutana na ubao.

Kutoka ndani ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, kwa Kiswahili cha Unguja. "Inama, mwanangu. Aliyeijenga alitaka kila mtu aisalimu."

Huyo ndiye Bibi. Alizaliwa Unguja, akaja Omani akiwa bibi harusi, na tangu mumewe afariki anaishi humo na mfanyakazi mmoja tu. Watoto wake wote wana nyumba zao. Mkubwa wao ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Anafanya kazi serikalini na anakaa Azaiba, upande mpya wa mji. Mimi namwita Baba, ingawa nadhani nimemzidi miaka mitatu minne. Ndivyo sisi wafanyakazi tunavyowaita wenye nyumba hapa, na ukishazoea huoni ajabu. Macho ya Bibi yalikuwa yameshakwisha nguvu. Alibakiwa na kutofautisha mchana na usiku, na umbo la mtu akisimama mbele ya dirisha, basi.

Nilitegemea kumkuta mtu wa kushikwa mkono. Looh! Alinyanyuka, akaweka vidole ukutani, akatangulia mbele yangu kunionyesha nyumba, na mimi mwenye macho mawili mazima nikawa najikwaa kwenye vizingiti nyuma yake.

Nyumba ilijengwa na baba mkwe wake. Alikuwa seremala, ujana wake wote aliumalizia Unguja akiwajengea watu wengine, na aliporudi kwao akasema sasa anajenga yake, wala hana haraka. Bibi alisema mzee yule hakununua kitu ambacho angeweza kukitengeneza kwa mkono, na alichokitengeneza hakukiiga mara mbili. Wiki ile ya kwanza niliyasikia maneno haya kwa sikio moja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nyumba ni mbaya, na mimi nikishaamua jambo huwa mgumu.

Kilichonilainisha ni dari. Chumba nilichopewa kiko juu, na mchana wa siku ya pili nilijitupa kitandani kupumzika, nikatazama juu. Dari ni boriti, zimepangwa moja moja, nyekundu kama chai ya rangi, na juu yake mkeka wa makuti uliosukwa. Nikakaa. Nikapanda juu ya kitanda nikaishika moja. Mkandaa, mkoko wa kwetu! Mimi nimezaliwa Rufiji, kule mto unapogawanyika kuingia baharini, na babu yangu maisha yake yote alikuwa mkata mikandaa. Najua rangi yake, najua harufu yake ikiwa mbichi, najua jinsi shoka linavyodunda. Nilimkimbilia Bibi chini kumwuliza boriti zile zimetoka wapi. Akanijibu kwamba zimetoka delta ya Rufiji, kwani kuna pengine? Nilicheka mpaka nikalia. Nimepanda ndege kuja kulala chini ya miti ya kwetu.

Toka siku hiyo nikaanza kuitazama ile nyumba vizuri, na kadiri nilivyoitazama ndivyo ilivyonishinda. Kuta zake zimejengwa kwa mawe na udongo, nene kiasi kwamba ukikaa kwenye kizingiti cha dirisha miguu yako haifiki nje. Mwezi wa sita nje huwezi kushika kitasa cha gari, lakini ndani ya sebule unakaa mpaka saa nne asubuhi bila kuwasha kiyoyozi. Madirisha yameanzia chini kabisa, karibu na sakafu. Nilidhani fundi alikosea vipimo, mpaka nilipoketi kwenye mkeka nikaona upepo unanipiga kifuani. Mzee alijenga kwa ajili ya watu wanaokaa chini. Juu, karibu na dari, ameacha matundu madogo ya nakshi ya jasi, ile lipu nyeupe laini, na joto la chumba linatokea huko.

Kwenye kuta kuna vidaka, yaani vile vishubaka vilivyochimbwa ndani ya ukuta, na kila kimoja kilipimwa kwa kitu chake. Hiki cha birika la kahawa, hiki cha msahafu, hiki cha taa, na juu yake ameweka kibati moshi usichafue lipu. Nyuma ya kila mlango kuna vigingi vya mbao vya kutundikia nguo, vimepangwa kwa urefu wa watu waliokuwamo. Kimoja kiko chini, kinanifika gotini. Hicho alimtengenezea mwanawe, ambaye baadaye akawa mume wa Bibi, ili atundike kanzu yake mwenyewe bila kusubiri mtu. Viungo vya mbao havikufichwa. Unaona kabisa ubao huu umeingia ndani ya ule, na makovu ya tezo, shoka dogo la kuchongea mbao, yamebaki, hakuyapiga randa. Nimefanya kazi kwenye nyumba mbili za kifahari kabla ya hii, na sijaona mahali mtu amemfikiria mwenzake namna ile.

Lakini cha maana kuliko vyote ni kamba. Kuzunguka vyumba vyote vya chini, kwa urefu wa kiuno, mzee alichora kwa jasi mstari mnene uliosokotwa, kamba kabisa, ila ni ya ukutani. Ukiipapasa inakupeleka. Ukikaribia mlango, kamba inakwisha na linakuja umbo la mlango ule. Chumba cha kulala cha Bibi ni ua la petali nane. Jikoni ni kuti. Bafuni ni mistari ya mawimbi, na stoo ni duara tupu. Mzee aliitengeneza kama pambo, hakuwa akimfikiria kipofu yeyote. Miaka mingi baadaye mke wa mwanawe akapoteza macho, na pambo likawa macho yake. Bibi alikuwa akienda jikoni, akijipimia sukari, akirudi na kikombe mkono wa kulia na kamba mkono wa kushoto, tone halimwagiki.

Nilimwona mara moja nje ya nyumba ile, tulipokwenda Azaiba kwa Idi, siku tatu. Mwanawe amejenga vizuri, sikatai, marumaru mpaka kwenye kuta za bafu, na chini kuna chumba alichomtayarishia mama yake. Bibi alikaa kwenye kiti. Alipotaka kujisaidia alisema, akapelekwa. Nilimwona anaweka mkono ukutani, vidole vinateleza kwenye rangi, vinatafuta, kisha akaurudisha mkono mapajani. Siku tatu hakupika hata chai. Tuliporudi Sidab aliinama kwenye mlango mdogo, akashika kamba, akaniambia nikapumzike, chakula atapika yeye.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mimi ni mtu wa maji. Kwetu nyumba isiyopigwa deki haijafagiliwa, na deki si kitambaa kibichi, ni ndoo. Unamwaga, unasugua kwa fagio la chelewa, unasukuma maji mpaka nje, unabaki na sakafu inayong'aa na miguu yako safi. Mama yangu angeweza kumpima mwanamke kwa sakafu yake tu, na alikuwa haoneani haya na mtu. Siku ile ya kwanza Bibi aliponizungusha aliniambia kwamba nyumba hii hufutwa, haioshwi. Nilisema ndiyo, Bibi. Moyoni nikasema, hii ni lugha ya wafanyakazi wavivu waliopita, wamemdanganya mama wa watu kwa sababu haoni.

Basi kila asubuhi, baada ya Bibi kusali na kurudi kujilaza, nilikuwa nafunga kanga kiunoni, nakunja mkeka, namwaga. Ndoo tatu, nne, na dawa yenye harufu ya limau. Ukumbi, sebule, jikoni, mpaka mlangoni kwa Bibi. Juu sikumwaga kwa sababu kuna mazulia, na stoo sikuigusa kwa sababu ilikuwa imejaa magodoro na masanduku hadi mlangoni. Lakini kwingine kote sakafu yangu iling'aa, na mwanawe akija alikuwa akisifu. Akisema nyumba inanukia, mimi kichwa kinavimba. Miaka minne nilimwaga maji humo, jamani, na kila siku nilijiona bora.

Mwaka wa tatu lipu ikaanza kutoka jasho. Chini ya ukuta wa ukumbi kulitokea unga mweupe, mithili ya chumvi. Nikaufuta, nikaosha zaidi. Ikatoa madoa, madoa yakapanda hadi magotini, kisha hadi kwenye kamba, na jasi ikaanza kubanduka vipande vipande. Nikaosha zaidi. Kichwa changu hakikuwahi kuunganisha mambo mawili yale, kwa sababu kwangu mimi maji ndiyo dawa ya uchafu. Nilisema ni bahari, nyumba ya pwani ndivyo ilivyo, na Bibi hakuuliza kitu.

Kisha asubuhi moja nikasikia kishindo. Nilimkuta Bibi amekaa chini mlangoni kwake, anashika paji la uso, damu inachuruzika kidogo, na kiganjani ana unga mweupe. Lile ua la petali nane lilikuwa limeoza ndani bila mtu kujua, na alipoliwekea vidole lilimong'onyoka lote likamwagika. Hakujua tena mlango uko wapi, akapiga hatua moja mbele, akakutana na fremu. Nilimfuta damu kwa upindo wa kanga. Yeye alikuwa anausugua ule unga baina ya vidole, polepole, wala hakulalamika kuumia.

Mwanawe alikuja jioni ile ile, akakasirika kwa hofu, na keshokutwa yake akamleta mhandisi. Kijana nadhifu, ana kidude cha kupimia unyevu mkononi, kina namba, anakigusisha ukutani kinalia. Ukumbini kililia. Sebuleni kililia, jikoni kililia, mlangoni kwa Bibi kililia sana. Stoo hakuingia, alitazama yale magodoro akasema haina haja. Akahitimisha kwamba maji ya bahari yamepanda kwenye msingi, kuta zinakula chumvi kutoka chini, na nyumba ya udongo ikifika hapo haina tiba. Mtu asiendelee kuishi humo. Mwanawe akasema baada ya Idi mama atahamia Azaiba, na nyumba itavunjwa kabla haijamwangukia mtu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema tu, "Haya, mwanangu. Utakavyoona." Nikamshangaa. Mwanamke aliyekuwa akigombana na mwanawe kwa ajili ya dawa za presha, leo anakubali kuhama nyumba kwa neno moja.

Kazi ya kufunga vitu ikawa yangu. Siku ya tatu nikafikia stoo. Nilivuta magodoro, nikavuta masanduku ya vyombo, nikafungua dirisha ili nione. Nikasimama. Chumba kile ndicho kilicho upande wa bahari hasa. Ukitupa jiwe kutoka dirishani linaangukia majini. Na kuta zake zilikuwa nyeupe, kavu, kamba imezunguka mwanzo hadi mwisho haina hata ufa. Nikapiga ukuta kwa kiganja. Nikapiga chini kabisa, kwenye sakafu. Kavu. Nikajiuliza, bahari gani hii inayoruka chumba kilicho karibu nayo ikaenda kulowesha ukumbi?

Halafu nikatazama sakafu. Ilikuwa na vumbi la miaka. Humo ndani ndoo yangu haikuwa imeingia hata siku moja.

Nilikwenda mlangoni nikatazama ukumbi, nikaona madoa yanaanzia pale ninapoanzia mimi na kuishia pale ninapoishia mimi. Ilikuwa wazi kabisa, na nikatamani isingekuwa. Nilijisikia vibaya mno, siwezi kusema vingine. Nyumba niliyoipenda kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuingia, nilikuwa nimeiua kwa mikono yangu, na Bibi nilikuwa nimemtoa macho mara ya pili.

Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko. Nikaenda Darsait kwa rafiki yangu, Mtanzania mwenzangu, anafanya kazi saluni. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akikunja taulo, kisha akaniambia ninyamaze. Mhandisi mwenye digrii ameshasema ni bahari, mimi ni nani wa kumbishia? Nikisema nitarudishwa kwetu kabla ya Idi, na nyumba itavunjwa vilevile kwa sababu matajiri hawarudi nyuma. Bibi atakwenda Azaiba, atahudumiwa, na mimi nitakwenda naye, chumba kina kiyoyozi. Hakusema kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiambia hivyo hivyo njia nzima. Nikala wali wake, nikarudi, na kwenye mlango mdogo nikainama.

Jumamosi mwanawe alikuja na maboksi. Bibi alikuwa ameketi kwenye baraza ya ukumbini, mkono wake umelala juu ya kipande cha kamba kilichobaki kizima. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikayasahau yote.

"Baba," nikasema, "si bahari. Ni mimi."

Hakunielewa. Nikamwomba anifuate stoo. Nikamshika mkono, kitu ambacho sijawahi kukifanya, nikauweka ukutani, kisha nikampeleka ukumbini nikauweka pale penye unga. Nikamwambia kuhusu ndoo, kila asubuhi, miaka minne. Nikamwambia hata harufu ya limau aliyokuwa akiisifu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hakuna aliyewahi kunikataza, nikasema nilikatazwa siku ya kwanza kabisa. Hapo uso wake ukabadilika. Alisema nyumba ya babu yake imesimama watu wakizaliwa na kufa humo, na mimi nimeimaliza kwa ndoo na fagio. Alisema kweli tupu. Akatoa simu, akasema anaipigia ofisi iliyonileta.

"Weka simu," Bibi akasema. "Mie nilikuwa nnajua."

Sote wawili tukamgeukia.

"Kwani mie kiziwi? Nilikuwa nnamsikia kila siku. Nimelala, nnasikiliza ndoo inamwagwa, fagio linasugua. Nyumba ya mamangu Unguja ikioshwa hivyo hivyo. Sie watoto tukiwekwa kitandani, tunanyanyua miguu, maji yanapita chini yake. Nilijua jasi haitaki maji. Kila siku nikisema kesho nitamkataza."

Mwanawe akamwuliza mbona hakusema basi hata mhandisi alipokuja, mbona alikubali nyumba ivunjwe.

"Ningesema, ungemrudisha kwao," Bibi akamjibu. "Kama unavyotaka kufanya sasa hivi."

Nilidhani mimi ndiye ninayeacha kazi yangu ili Bibi abaki na nyumba yake, kumbe yeye alikuwa ameshaiacha nyumba ili mimi nibaki na kazi, bila kunidai hata shukrani. Nikalia, nikaona haya, nikaenda jikoni kujifanya natafuta kikombe. Waliongea Kiarabu muda mrefu. Simu haikupigwa.

Mwanawe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeogopa. Wiki iliyofuata alimleta fundi mzee wa lipu za zamani, mtu mfupi asiye na kidude chochote. Fundi alikwaruza ukuta kwa kucha, akaonja, akaenda stoo akatazama kamba, akarudi. Akasema mawe ni mazima, udongo ndani umelowa tu, na mtu aliyelowa hazikwi, anaanikwa. Nikacheka licha ya huzuni yangu. Masharti yake yalikuwa machache: madirisha wazi, lipu iliyooza ibanduliwe ukuta upumue, na tone la maji lisiguse sakafu mpaka aseme yeye. Mwanawe akakubali kusubiri hadi baridi iishe.

Nilifagia kavu. Nilifuta kwa kitambaa nilichokikamua hadi vidole vikauma. Miezi mitano nilikuwa naamka naogopa ule ukuta kuliko mtu anavyoogopa majibu ya hospitali. Bibi alilala kwenye godoro ukumbini kwa sababu mlango wake haukuwa na alama, na nilimsogeza kwa mkono kwenda bafuni, na kila nilipomshika nilijua kwa nini namshika. Hakuwahi kulitaja lile jambo. Mara moja tu, nilipokuwa nafagia, alisema nyumba imekuwa kimya.

Februari, baridi ilipokuwa inaisha, fundi alikuja na yule mhandisi kijana pamoja, kwa matakwa ya mwanawe. Kidude kikagusishwa ukumbini, hakikulia. Kikagusishwa jikoni, kimya. Mlangoni kwa Bibi kilitoa mlio mmoja dhaifu kisha kikanyamaza. Mhandisi alikitikisa, akajaribu tena, na kusema ukweli alifanya uungwana: alimwambia mwanawe kwamba alikosea, na akamwomba fundi amruhusu aje kumtazama akifanya kazi. Akaja kweli, akavua viatu.

Fundi alichukua mfano wa kamba kutoka stoo, kwa kuwa pale ilibaki nzima, akaisokota upya ukumbi mzima kwa jasi mpya, kidogo kidogo, kwa sababu jasi ikianza kukauka haimngoji mtu. Ua la petali nane hapakuwa na mfano wake. Kwa hiyo Bibi aliletewa kiti mlangoni, na fundi akawa anachonga huku vidole vya Bibi vikimfuata nyuma. Alimkatalia mara tatu. Mara ya kwanza petali zilikuwa pana, mara ya pili katikati palikuwa na shimo na lile la zamani lilikuwa na kidonge. Mara ya tatu fundi alisema kwa Kiarabu kwamba kipofu huyu anaona kuliko ofisi nzima. Mara ya nne Bibi alilizungusha kidole taratibu, petali moja moja, akahesabu hadi nane. Akanyanyuka peke yake, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Maboksi yalirudi Azaiba matupu. Sijui yatarudi lini tena, Bibi ni mtu mzima na mimi sitakaa Omani milele. Lakini nyumba imesimama, na mimi bado nainama nikiingia.

Baada ya hapo ndipo nilipouona mfereji. Nyuma ya jiko kuna ua, umesakafiwa mawe ya kuchonga, na kwa miaka yote minne nilikuwa naanika nguo pale. Mawe yamelazwa kwa mteremko usioonekana kwa jicho, na kati yake kuna mfereji mwembamba unaopita chini ya ukuta kwenda kutokea ufukweni. Mzee alikuwa ameyawekea maji mahali pake tangu mwanzo. Ni mimi niliyekuwa nayamwaga pasipo pake.

Sasa kila Ijumaa asubuhi, kabla sijatoka, natoa ndoo tatu uani. Dirisha la jikoni linafunguka pale pale, chini, na ndani yake kuna baraza ndogo. Bibi hukaa hapo, upande wa pakavu, ukuta mzima uko baina yake na mimi. Namwaga ya kwanza, nasugua kwa chelewa, maji yanakimbilia mfereji yakipiga kelele.

"Na ya pili," Bibi anasema.

Namwaga ya pili. Maji hayamfikii, hayawezi kumfikia, na yeye anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Lakini kila nikimwaga natazama ndani ya dirisha, na kila mara namwona ananyanyua miguu.